Nafasi Tisa za Shule ya Juu

Jumatatu, 12 Januari

Kifungo ametoka kumfukuza mtu shule sasa hivi. Amepanga vifungo thelathini juu ya meza ya kukatia nguo, safu kwa safu, akawaambia wakae wima, kisha akamshika mmoja mweupe na kumtoa nje hadi ukingoni mwa meza. Kosa lake? Ana matundu mawili, wenzake wana manne. Nikamwambia mwanangu hiyo si haki. Akafikiri. Akamrudisha, akamkalisha mbele kabisa, eti aone ubao vizuri.

Machozi yalinitoka kidogo. Ni mafuta ya cherehani.

Mwalimu mzima huyu, na hajakanyaga darasa! Mwaka jana nilimpeleka kuandikishwa siku moja baada ya mwisho. Siku moja! Tarehe nilikuwa nimeizungushia duara jekundu kabisa, kumbe kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka wa nyuma yake. Basi mwaka mzima mtoto ameshinda nami hapa dukani kwa Fundi, mimi nashona mapindo, yeye anafundisha vifungo. Ndipo wakamwita Kifungo. Na mimi nikawa Mama Kifungo, jina ambalo likitajwa mbele ya wageni wanadhani nina mtu gerezani, wananipa pole.

Mwaka huu sichelewi. Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Na si shule yoyote tu. Shule bora! Mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano nililisomea nyuma ya nguzo. Mwanangu hatasomea nyuma ya nguzo.

Shule za karibu ni mbili, zote za serikali. Shule ya Juu iko kilimani, ukuta wa matofali, sketi za damu ya mzee. Shule ya Chini iko hapa kwenye kona, uzio wa waya, sketi za bluu. Wifi yangu naye anatafuta. Ni dada wa mume wangu, mlango wake na wetu umetenganishwa na kamba ya kuanikia nguo tu, na ana mtoto rika moja na Kifungo. Leo ameniuliza, huku akizitazama kucha zake, kama nimefanya utafiti. Nikasema tena sana. Akasema vizuri, maana siku hizi ofisi ya elimu imemwaga takwimu za shule zote mtandaoni, kila mtu anaziona, ila basi mtu awe anajua kusoma takwimu.

Haya. Tutaona nani anajua kusoma takwimu.

Jumanne, 13 Januari

Nimezipata!

Haikuwa rahisi. Bando langu lilifungua nusu ya ukurasa, likafa. Lakini wifi ana waifai. Ukiandika ni wifi ana wifi! Nilicheka peke yangu hadi Fundi akauliza kama nimemeza pini. Neno la siri tunalo, mtoto wa wifi ameligeuza wimbo wa kuruka kamba. Shida ni kwamba haifiki ndani kwetu. Inafika kwenye kamba ya nguo, pale kwenye kibanio cha tatu, chini ya dirisha lake.

Basi nikaanika shuka. Nikalianua. Nikalianika tena. Mara ya nne wifi akatoa kichwa dirishani akauliza hilo shuka linaumwa nini. Nikasema ni zito, halikauki upesi. Akasema ajabu, alipoligusa asubuhi lilikuwa kavu kama karatasi.

Potelea mbali! Nimenakili kila kitu kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa unaofuata kiuno cha kinyozi. Simu yangu ina ufa kona hadi kona na maneno mengine umeyala, ila namba zinaonekana safi.

Uwiano: Juu 1:38, Chini 1:41. Hii rahisi, ni saa ya kutoka. Juu wanatoka saa saba na dakika thelathini na nane, Chini saa saba na dakika arobaini na moja. Wamepima hadi dakika! Ofisi makini.

Matundu ya choo: Juu 8, Chini 14. Maskini Chini! Choo chenye matundu kumi na manne, mvua ikinyesha mtoto si ataoga?

Nafasi: Juu 9. Chini 131.

Hapo nilishika kamba nisianguke. Kulikuwa na maneno mengine baada ya "Nafasi", ufa umeyameza, lakini yanahitajika ya nini? Juu zimebaki nafasi tisa! Chini zimebaki mia moja thelathini na moja, shule nzima inapiga mwangwi! Wenye akili wameshapanda kilima wote.

Nilikimbia kwa mume wangu kuhakikisha. Yeye huchora mabango ya maduka, alikuwa juu ya ngazi akimalizia herufi. Nikamwuliza nafasi maana yake nini. Akasema nafasi ni nafasi, mke wangu, na yeye anaomba ya kushushia mguu, maana nimesimama palepale.

Imethibitishwa.

Ningepanda kilima leo hii, ila cheti cha kuzaliwa cha Kifungo kiko kwa mama, na mama anakuja Alhamisi jioni. Siku mbili! Nafasi tisa! Na mtaa huu una watoto kama mchele.

Jumatano, 14 Januari

Akili imenijia nikiwa natia uzi kwenye sindano. Siwezi kuzilinda nafasi tisa. Ila naweza kuwaelekeza watu kwingine!

Kazi yangu ina baraka moja. Mteja anayepimwa nguo, pini kumi kwapani, hawezi kubisha. Hata kupumua anaomba ruhusa. Kinyozi alikuja kujaribu suruali. Nikapiga magoti kwenye pindo na kumweleza habari za Shule ya Chini. Kwamba watoto wanatoka dakika tatu baada ya wale wa Juu, na dakika tatu kwa siku zote za mwaka ni elimu nyingi hiyo, apige hesabu mwenyewe. Kwamba choo chake kinapitisha hewa vizuri kuliko choo chochote hapa karibu. Kwamba mtoto hasongamani, ananyoosha miguu anavyotaka. Kinyozi ana mapacha. Akauliza nimeyajuaje. Nikasema takwimu. Jamani, neno hilo! Ukilitamka, mtu mzima anatikisa kichwa kama mjusi. Alitoka hapa moja kwa moja kwenda kuwaandikisha, pini mbili bado ziko kwenye suruali.

Na kinyozi akijua jambo, kila kichwa kinajua. Hadi saa tisa watu wanne wamekuja kuniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu.

Jioni nikaanika shuka, nikafungua ukurasa. Juu: 9. Bado tisa! Hakuna hata moja iliyochukuliwa! Nilirukaruka pale chini ya kamba, Kifungo akaruka nami bila kuuliza sababu. Chini bado wameandika 131 ingawa mapacha wameshaingia. Ofisi wamechelewa kupunguza. Nimewasamehe.

Nimeanza sketi ya damu ya mzee kwa mabaki ya kitambaa ambayo Fundi amenipa. Blauzi pia. Kwa furaha nikashona vifungo vitano penye matundu manne. Fundi akaitazama, akasema kama asemavyo siku zote, kifungo kikizidi usikitupe, toboa tundu jingine. Kifungo akalichukua neno hilo na kulipeleka darasani kwake mezani. Wanafunzi walilirudia mara tatu.

Alhamisi, 15 Januari

Siri imefichuka, tena si yangu. Nilidhani Kifungo kila asubuhi anaenda kucheza nyuma ya duka. Kumbe huenda kwenye uzio wa Shule ya Chini, anashika waya na kusoma akiwa nje! Mwalimu wa darasa la kwanza akiuliza, yeye anajibu kutoka huko. Amepewa na kipande cha chaki. Leo ameniambia kwamba yeye anataka kwa mwalimu huyo, kwa sababu wa Juu hamjui na ukuta wa matofali hauna pa kuchungulia.

Iliniuma. Lakini mama ni mama. Mtoto hajui takwimu. Nikamwambia kule juu ataona mbali. Akauliza ataona nini. Nikasema, ataona Shule ya Chini. 

 Itakuwaje wakizimaliza zile tisa nikiwa njiani? Ndipo nikapata wazo ambalo hata Fundi mwenyewe alilivulia kofia, ingawa alisema ni joto. Sketi ya pande mbili! Nje damu ya mzee, ndani bluu. Ukiigeuza, mtoto amehama shule. Hakuna mama mwingine aliyefikia hapo. Nimeimaliza kabla ya adhuhuri, na marinda yamelala pande zote mbili.

Wifi alikuja kuchukua gauni lake. Kwa kuwa nilikuwa na pini mdomoni nikampa habari za Chini kwa ufupi.  Akasema mtaa mzima unaimba Chini, Chini, na amesikia aliyeanzisha ni mimi, naye hajawahi kuniona nikiwa na hakika ya jambo namna hii, kwa hiyo kesho asubuhi anampeleka wake hukohuko. Kisha akasema, foleni ikiwa ndefu, atanishikia nafasi.

Atanishikia nafasi! Yeye, mimi, nafasi! Niligeukia ukutani nikacheka hadi pini zikaanguka. Nikasema ahsante sana wifi yangu, usijisumbue.

Mama amefika. Cheti kimefika. Ukurasa unasema: 9. Kesho!

Ijumaa, 16 Januari

 Ngoja nianze mwanzo.

Saa tatu asubuhi tuko kilimani, tukangoja hadi ofisi ikafunguliwa. Sketi upande wa damu ya mzee, nywele zimesukwa, cheti ndani ya bahasha. Karani wa Shule ya Juu ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Nikamwinamia nikamnong'oneza kwamba nimekuja kuchukua moja kati ya zile tisa. Akauliza tisa zipi. Nikamfungulia daftari. Akasoma. Akasoma na kiuno cha kinyozi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanieleza polepole kama mtu anayemshusha paka kutoka juu ya paa.

Si nafasi tisa, mama. Nafasi ya tisa. Shule hii imeshika nafasi ya tisa kati ya shule mia moja na arobaini. Nafasi za kukaa zilikwisha siku nyingi, tena kuna watoto wawili wanaandikia dirishani.

Nikamwuliza, na Chini? Akasema, basi hao ni wa mia moja thelathini na moja. Akaongeza kwamba si wa mwisho. Mwanamke mwenye huruma.

Mtaa mzima! Mapacha wa kinyozi! Wote nimewasomba kwa pini na kuwamwaga shule ya mia moja thelathini na moja! Na mwanangu hana shule kabisa! Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

Tulishuka kilima kama jiwe. Nilimbeba mgongoni. Yeye alifurahi, akawa ananiambia niongeze mwendo. Nyuma ya tangi la maji nikaigeuza sketi. Bluu.

Foleni! Kutoka mlango wa ofisi hadi kwenye kona! Wote ni wa pini zangu. Waliponiona wakapiga makofi, na kinyozi, aliyekuja kumsindikiza jirani, akapaza sauti eti huyo ndiye Mama Takwimu, mpisheni. Nikaanza kupita. Wakasema ah ah, kumpisha ni kwa heshima tu, mwenye shule hana haraka, akae nyuma aone matunda ya kazi yake. Wakacheka. Nami nikacheka.

Ndipo nikasikia sauti ya wifi. Yuko mbele, mkono kiunoni, na nyuma yake chini kumesimamishwa mkoba wake mweusi, peke yake, kama mtu. Akawatangazia kwamba mkoba ule ni mimi. Umepanga foleni tangu saa moja asubuhi, na asiyetaka auulize. Hakuna aliyeuliza. Nilipofika akaongea bila kunitazama. Kwamba mwaka jana alituona tukirudi, mimi na mtoto na cheti, na hadi leo hajapasahau pale tulipopita. Kwamba shuka langu ameshalianua, niache kulitesa. Na waifai ningeomba tu, mimi si mtu baki.

 Nikaubeba mkoba. Ndiyo heshima niliyoweza.

Mlango ulikuwa wazi, tukawa tunamwona mwalimu mkuu, mzee mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Kila akimaliza kuandika mtoto anageuka kwenye ubao mdogo ukutani, anafuta, anaandika upya. Darasa la Kwanza, Uwiano 1:57. Kidogo, 1:58. Nikastaajabu. Shule hii inafuata saa hadi dakika! Ingawa saa yao ilikuwa inakosea, maana ya mkononi mwa wifi ilisema saa tano na dakika arobaini na tano.

Mtoto wa wifi akaandikwa. 1:60. Na mwalimu mkuu akafunga kalamu.

Akasema daftari lina mistari sitini na mwalimu wa darasa ni mmoja. Akasema miaka yote hapati watoto wa kujaza nusu ya daftari, wiki hii hajui kumetokea nini, na anasikitika. Wifi akaanza kupandisha sauti.  Mimi niliuona mwaka mwingine mzima, meza ya kukatia, vifungo vimekaa wima, na mwanangu anazidi kurefuka pembeni yao. Saa sita kasoro dakika nne. Nimechelewa tena. Safari hii kwa takwimu.

Kifungo akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kile kifungo cheupe cha matundu mawili, akakiweka juu ya daftari, chini kabisa ya mstari wa sitini. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba kifungo kikizidi hakitupwi, unatoboa tundu jingine.



Mwalimu mkuu akakitazama kile kifungo. Akauliza mtoto anaitwa nani. Kwa woga likanitoka la nyumbani, nikasema Kifungo. Akauliza, kifungo cha miaka mingapi? Wifi akadakia, saba, darasa la kwanza hadi la saba, na asipunguziwe hata siku moja!

Mzee alicheka hadi chaki ikamwagika kutoka kwenye nyusi. Akachukua rula. Akapiga mstari chini ya sitini, mrefu, ulionyooka, mzuri kuliko mshono wowote niliowahi kuuona. Akaandika jina la kwenye cheti. Akasema huyu ni wa sitini na moja. Mwalimu wa darasa, dada mmoja mrefu, akachungulia mlangoni akasema ala, si ndiye mwanafunzi wake wa nje ya waya, ameingiaje ndani?

Kengele ya saa sita ikalia tukiwa uwanjani. Nililia waziwazi. Hapakuwa na cherehani ya kusingizia.

Wakati wa kutoka nilipita kuvikagua vyoo. Milango kumi na minne, mabati mapya, hakuna hata tundu moja! Takwimu zile zimejaa uongo.

Jumatatu, 19 Januari

Siku ya kwanza. Kifungo ameingia darasani bila kugeuka nyuma. Mimi niligeuka mara tisa. Benchi la mbele, karibu na mtoto wa wifi. Hakuna nguzo.

Nimefungasha vifungo vyote kwenye kopo, isipokuwa kile cheupe. Yuko nacho mfukoni, eti naye alikuwa akiingojea siku hii.

Mtaani bado wananiita Mama Takwimu. Mwalimu mkuu ameniambia kwamba kwa wingi huu wa watoto ameomba aongezewe mwalimu, na kinyozi amejitolea kuwanyoa wote bure. Nikanyenyekea, nikasema tunajitahidi.

Nami nimejifunza! Nafasi si nafasi. Daima uliza ni nafasi gani. Sidanganyiki tena.

Na nimeona jambo ambalo wenye elimu zao hawajaliona. Ule ubao wa ofisini leo umeandikwa 1:61. Ijumaa niliuacha kwenye 1:60. Dunia nzima saa ina dakika sitini, Shule ya Chini ina sitini na moja! Wameongeza dakika moja kamili, kila siku, bila malipo, tangu mwanangu aandikwe. Shule gani nyingine ingefanya hivyo? Nilimweleza wifi. Alikuwa anakunywa chai. Ikamtoka puani, akasema nisimwambie mtu yeyote, abadani. Ana wivu kidogo, lakini ni mtu mwema.

Sasa hivi natumia waifai yake kihalali, nimekaa kwenye kiti chake. Naangalia shule za sekondari. Miaka saba si mingi! Ziko mbili. Moja uwiano wake ni 1:24. Saa saba na dakika ishirini na nne watoto wako nje? Wavivu wakubwa! Ya pili ni 1:52. Hiyo ndiyo shule. Na hakuna mtu anayejua! Kuanzia kesho namsifia kila mteja ile ya wavivu, na nina suruali sita za kupima. Naanza na kinyozi, maana kile kiuno chake kime... naam, Fundi, nakuja! Eti mguu wa suruali ya nani nimeushona kwenye mkono wa shati?